Pumzi Iliyoitwa Kelele

Kifuniko cha birika kilianza kugongagonga kabla hakujapambazuka, na mama mshonaji akakitoa haraka, kana kwamba kuna mtu atakayeamshwa. Hakukuwa na mtu. Mwanawe, fundi wa mashine za kuchimba miamba, alikuwa na miezi miwili kaburini. Mkwewe, mjane wa mwanawe, alikuwa amerudi kwao.

Jua lilipotoka, hodi ikabishwa. Alikuwa yule mhandisi mrefu wa kituo cha utafiti, aliyekuja mwaka jana kufunga dishi dogo juu ya paa. Kambi ya mwanawe ilikuwa nyuma ya milima, pasipo na mnara wa simu. Setilaiti tu ndiyo iliyopita juu yake, dakika chache kila alfajiri. Kituo kilikuwa kinajaribu programu mpya ya kusafisha sauti hafifu, na familia yao ilikubali ijaribiwe kwenye simu zao.

"Nimekuja kuchukua vifaa, mama." Alivua viatu bila kuambiwa, akavipanga kando ya mlango. Mama aliliona hilo, likampendeza.

"Vichukue, baba. Ila simu ya mwisho iliyohifadhiwa humo usinifutie. Ile ndiyo inayonilaza usingizi."

Aliijua neno kwa neno. "Mama, mimi mzima. Nimekula. Usiwe na wasiwasi." Siku mbili baadaye mapafu yalimuua. Kila aliyefika msibani alisimuliwa: hakuteseka, ilikuwa ghafla, mwenyewe aliniambia mzima.

Mkwewe ndiye hakukubali. Asubuhi ileile ya simu alisema, "Mama, mbona havuti pumzi? Anaongea kama anayesoma. Tuwapigie wakubwa wake mjini, wao wana redio ya kambini, atazamwe."

Mama alimcheka. "Una masikio kunishinda mimi niliyemzaa? Wewe umemjua jana!"

Na msibani, binti huyo alipolia kwamba wangepiga simu mumewe angepona, mama alimwambia mbele ya watu, "Acha uchuro wako. Kalilie kwenu." Binti akafunga nguo zake, akaenda kulilia kwao.

Mhandisi hakupanda paani. Aliketi ukingoni mwa kiti.

"Mama, wakubwa wangu wamenikataza kukwambia hili."

"Na wewe umekuja kuniambia."

"Programu yetu inaondoa kelele. Na sauti ikikatika, inajaza pengo kwa maneno ambayo mtu amezoea kuyasema. Tuliifundisha kwa simu zake za mwaka mzima. Wiki hii nimesikiliza simu ile kama ilivyopokelewa, kabla haijasafishwa."

Alitoa simu yake mfukoni, akaiweka mezani katikati ya vipande vya kitambaa. Mikwaruzo ilitoka, kama mchanga unaosuguliwa kwenye sufuria. Ndani yake mtu alikuwa akivuta pumzi, na kifua kinapiga filimbi.

"Mama..." Pumzi. "...siwezi..." Kikohozi, kisha pumzi nyingine, fupi zaidi. "...waambie..."

Ikakatika.

"Pumzi hiyo programu iliiona ni kelele, ikaifuta," alisema mhandisi. "Mimi ndiye niliyeifundisha hivyo."

"Na 'mimi mzima'?"

"Ni mashine."

"'Nimekula'?"

"Mashine, mama."

"Lake ni lipi, basi?"

"Hilo la kukuita. 'Mama' ni lake."

Mama mshonaji aliokota kipande cha uzi sakafuni, akakizungusha kidoleni mpaka ncha ya kidole ikabadilika rangi.

"Tungewapigia wakubwa wake siku ile, angepona?"

Mhandisi alimtazama akitafuta uongo wa kumpa, akaukosa.

"Kambi ina daktari, mama. Mitungi ya oksijeni wanayo."

Hakulia. Alimmiminia kijana chai, akamsogezea sukari. Kijana aliinywa ikiwa ya moto vilevile, akaungua. Kisha akainuka aende kuchukua ngazi apande paani.

"Dishi liache kwa leo," mama alisema.

"Mama, mimi—"

"Liache. Nakwenda kwa wakwe zangu kumwomba binti aje. Sijui kama atakubali kukanyaga hapa. Akikubali, wewe ndiye utakayemsikilizisha hiyo sauti. Nilimfukuza mbele ya watu kwa kuwa alisema kweli, mwanangu. Kinywa changu hakitaweza."

Mhandisi alivaa viatu, akashindwa kufunga kamba.

"Uje tena Jumapili," mama alisema. "Uje mwenyewe. Usinitumie barua."