Vibao vya Shemeji

Katika mazoezi ya saa kumi na moja jioni, mpiga piano mgeni aligusa sauti ya kwanza, binti akamjibu kwa marimba, na sauti hizo mbili zikagombana kama wake wenza.

Fundi piano, baba wa binti huyo, alikuwa ameketi mstari wa nyuma akingoja kupongezwa. Alikuwa ameinamia piano ya ukumbi ule tangu mwanzo wa wiki, akivuta nyuzi hadi zifike sauti inayotakiwa. Alifanya bure. Tamasha lilikuwa la hisani, la kuwachangia wasanii chipukizi wa Afrika, na usiku huo mgeni angechagua mmoja wa kwenda naye kusomea muziki. Kila kijana angepiga naye wimbo mmoja. Binti hakuwa na mlango mwingine; chuo cha muziki kilikwisha kumkataa mara mbili.

"Fundi, piano yako leo imevaa suti," mratibu alimtania asubuhi, naye akacheka.

Sasa binti alimfuata, fimbo za marimba mkononi.

"Baba, umeifanya nini?"

"Nimeipandisha. Ilikuwa chini kwa nusu toni tangu enzi za Nuhu."

"Mjomba alichonga marimba yangu akiifuata hiyo ya chini. Kibao kimoja kimoja. Na wewe ulikuwepo, ulimshikia taa."

Ni kweli alikuwepo. Shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, alichongea humo humo ukumbini. Fundi alikuwa amesahau, kwa kuwa kazi ya mti hakuihesabu kuwa kazi.

"Ishushe basi."

"Nyuzi nikizilegeza sasa hazitatulia. Na wenzako wameshafuata hii."

Binti alivuta pumzi. "Naenda kumwomba mgeni nipige peke yangu. Kaa hapa, baba. Usiguse kitu."

Kumwambia fundi asiguse kitu ni kumwambia jogoo asiwike. Alimpigia shemeji simu; haikupokelewa. Akaibeba marimba hadi chumba cha nyuma, akafungua kibao kimoja, akakigeuza. Uzi mwembamba hutoa sauti ya juu kuliko mnene; hilo alilijua kabla hajaota ndevu. Akachukua kisu, akapunguza mti katikati, upande wa chini, akagonga.

Sauti ilishuka.

Hakushtuka. Waya uliovutwa upya nao hulegea kidogo kabla ya kutulia, na mti, aliwaza, utakuwa na desturi hiyo hiyo. Akakiweka kando kitulie, akashika cha pili. Alipomaliza cha tano akarudi kwa cha kwanza, akakigonga. Kilikuwa pale pale chini. Akagonga cha pili, kisha cha tatu.

Simu ikalia.

"Shemeji, ulinitafuta?"

"Kibao cha marimba hupandishwaje?"

"Unapunguza ncha. Ukigusa katikati kinashuka, na hapo hata ncha hazikirudishi, labda uchonge kingine. Kwa nini? Nani kagusa?"

Fundi alikata simu. Unga wa mti ulikuwa umejaa kwenye magoti ya suruali yake ya sherehe.

Mlango ulifunguliwa. Binti aliingia akitabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nzima.

"Amekubali, baba. Kasema hata afadhali, aisikie marimba yenyewe. Mimi ni wa..." Akaviona vibao mezani.

Aliokota kimoja, akakining'iniza kwa kamba yake, akakigonga kwa kidole. Akafanya hivyo kwa vyote vitano, mpaka cha mwisho.

"Nilidhani vitatulia," fundi alisema.

"Nilikuambia usiguse."

"Mwanangu..."

"Usiniguse na mimi."

Alikaa sakafuni, mgongo ukiegemea ukuta, fimbo zikiwa mapajani. Baba yake alianza kuvifunga vibao mahali pake, kimoja baada ya kingine, kwa uangalifu mkubwa, ingawa havikuwa na kazi tena.

Mratibu alichungulia. "Tayari?"

Binti alitikisa kichwa kukataa.

Ukumbini mshereheshaji alimwita mpiga filimbi.