Hakutoa Udhuru

Kikao cha wadau wa hewa safi kilianza kwa kufunga madirisha, maana moshi wa kiwanda cha kuyeyusha vyuma ulikuwa unawakera wadau. Mimi niliandika kumbukumbu. Dada yangu wa toka nitoke, mshona sare za shule, aliwakilisha wakazi wa nyuma ya kiwanda.

Kikao cha kwanza alikuja na shati jeupe alilolimaliza asubuhi ile. Kola ilishakuwa ya kijivu.

"Masizi yanalivaa kabla ya mtoto," alisema, huku akikohoa. "Na ndiyo hayohayo yaliyo kifuani mwangu. Naomba kiwanda kifunge chujio kwenye bomba la moshi. Basi."

Meneja wa kiwanda aliligeuza shati. "Mama, unatumia sabuni gani?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilitabasamu, Mungu anisamehe, kwa kuwa meneja alikuwa ananiangalia. Mwenyekiti akaagiza hoja iwekwe kwenye Mengineyo.

Asiyejua vikao hajui Mengineyo ni nini. Ni fungu la mwisho, linafikiwa watu wameshakula na kuondoka, na akidi haipo tena. Kikao cha pili dada alisubiri saa nne nzima, leso mdomoni. Tulipofika Mengineyo walibaki watatu, mmoja anakoroma. Hoja ikaahirishwa.

"Mdogo wangu," aliniambia ngazini, akipumzika kila baada ya hatua mbili, "kalamu unayo wewe. Nipandishie hoja yangu juu."

Nilimbembeleza mwenyekiti mpaka nikajidharau, lakini niliipandisha. Kikao cha tatu hoja ya chujio ilikuwa ya kwanza kwenye Yatokanayo, fungu la mwanzoni, watu wote wakiwa bado wapo. Dada alifariki siku nne kabla ya kikao hicho. Pumzi zilimwishia akiwa kwenye cherehani.

"Mwenye hoja yuko wapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Amefariki, mwenyekiti."

Wakasimama dakika moja, ambayo haikufika nusu. Wakaketi.

"Kwa kanuni zetu, mwenye hoja asipokuwepo bila udhuru, hoja inafungwa. Kuna barua ya udhuru?"

"Mwenyekiti, amekufa."

"Nimesikia, pole sana. Nauliza barua."

"Hakuna."

"Basi andika: hakuhudhuria, hakutoa udhuru. Hoja imefungwa."

Niliandika. Nilimchukia mwenyekiti, nikamchukia meneja aliyekuwa anamenya chungwa, na bado niliandika kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari chini. Kazi naihitaji. Hiyo ndiyo sababu yangu, na sina nyingine.

Sasa, kila asiyetoa udhuru ofisi humtumia barua. Masijala huzichapa, mimi husaini rundo zima bila kusoma, maana nani asome barua mia zinazofanana? Nilisaini.

Siku ya tatu mume wa dada alikuja ofisini, bado hajanyoa ndevu tangu mazishi. Alikunjua karatasi taratibu, akaiweka mbele yangu, kidole kikiwa juu ya sahihi yangu.

"Shemeji," alisema, bila hasira yoyote, "wanataka ajieleze kwa nini hakuja, ndani ya siku saba. Zimebaki nne. Tuwaandikie nini?"