Mkato Kwenye Bango

"Rudia ulichosema mbele ya mteja," mkwe wangu alimwambia mke wake.

"Nimesema panahitajika alama ya mkato." Binti yangu alikuwa ameinamia meza ya karakana yangu ya mabango, akiukata mkato wenyewe kwa wembe kutoka kwenye kipande cha stika nyekundu. "Bango linasema Clean quiet rooms, vyumba safi, tulivu. Hizo ni sifa mbili za vyumba vilevile. Ukiweza kuzibadilisha nafasi, au kutia 'na' katikati, tia mkato. Ingekuwa big red gate, lango kubwa jekundu, ambayo haigeuziki, nisingekusumbua."

"Umekuwa mwalimu wa Kiingereza siku hizi."

"Mteja mwenyewe amekubali. Sasa ugomvi wa nini?"

Mteja alikuwa ameshaondoka, na hilo ndilo mkwe wangu alilokuwa akilingoja. Alimkamata nywele, akaubamiza uso wake mezani, kisha akaubamiza tena kwa nguvu zaidi. Wembe ukaanguka. Damu ikatapakaa juu ya herufi.

Nilichukua rula ya chuma, ile ndefu, nikampiga nayo kifundo cha mkono. Hakuachia. Nikampiga tena, safari hii kwa ukingo, nikasikia mfupa ukialika. Akaachia.

"Mama, haya ni ya mke na mume," alisema, ameukumbatia mkono. "Mwanao ana mdomo."

"Alikuwa nao. Umeupasua."

Akacheka, kama nimemtania. Kisha akamgeukia mke wake. "Jifute. Tutamalizia nyumbani."

Binti yangu akaanza kujifuta bila haraka, kuanzia pembeni kuja katikati, kama mtu anayepangusa meza yake ya kila siku. Hapo nikajua kwamba ameshazoea, na kwamba angemfuata.

"Huendi," nikamwambia.

"Akizidi kukasirika, mama..."

"Akasirike peke yake."

Mkwe wangu akainama, akapapasa chini ya meza kwa mkono mzima, akiutafuta wembe. Sikungoja kujua anautakia nini. Nilimkumbatia binti yangu kiunoni, nikamburura hadi nje, nikashusha mlango wa chuma na kutia kufuli. Karakana haina mlango mwingine.

Mateke yakaanza kwa ndani. Fundi viatu wa jirani akainua kichwa. "Kuna nini humo?"

"Mkwe. Asifunguliwe na mtu."

Nikamkalisha binti yangu kwenye benchi la fundi, nikambana pua kwa kitambaa. Kwa mkono uliobaki nikawapigia polisi.