Halcyon Hafi Mtu

"Hakufa hapa," mume wangu alisema. "Hilo siandiki."

"Yuko nje kwenye mkokoteni wangu, Mhariri," Bibi Stroud akamjibu. "Toka ukamuulize mwenyewe."

Mimi nilikuwa kwenye meza ya chapa, napanga herufi za chuma za ukurasa wa kwanza wa gazeti letu, mtoto wa mwisho kanishika sketi. Sikutoka kuangalia. Amos Stroud nilimjua, na kama mkewe amesema amekufa, basi amekufa. Ulikuwa mwezi wa Agosti, huku Nebraska jua linakaanga hata mawe, na maiti haisubiri wanaume wamalize kubishana.

Tatizo ni kwamba Halcyon, mji wetu, hafi mtu. Mume wangu Leander aliandika hivyo mwaka ule tulipoanzisha gazeti, mji ukiwa na nyumba mbili za udongo na kisima kimoja. Alitaka watu wa Ohio waje kununua viwanja, kwa hiyo akawaambia hewa yetu ni nzuri kiasi kwamba hajafa mtu hata mmoja. Ilikuwa kweli. Tulikuwa watu saba na tulikuwa tumefika juzi.

Watu wakaja. Walipoanza kufa kama watu wa kwingine, Leander aliandika kwamba wamehamia Oregon, mbali huko magharibi. Maiti tukawa tunaivusha kijito na kuizika Tuttle, mji wa jirani. Hakuna aliyelalamika, maana kila mtu alikuwa na kiwanja cha kuuza. Ndugu wa fundi wetu wa viatu aliuza duka lake akamfuata Oregon, na mpaka leo anamtafuta huko.

Halafu Leander akaanza kuandika historia ya wilaya, sehemu moja kila wiki, na kitu pekee alichokitegemea kilikuwa gazeti lake mwenyewe. Alijisoma mpaka akayaamini aliyoyaandika.

"Mpeleke Tuttle kama wenzako," alimwambia Bibi Stroud. "Jumamosi zinashuka familia nne mpya. Zikikuta kaburi, zinapanda treni hiyo hiyo kurudi."

"Tuttle? Walioiba mahakama yetu ili wao wawe makao ya wilaya?" Bibi Stroud alipiga meza, herufi zikaruka. "Walipokuja na magari yao ya farasi kubeba makabrasha na kiti cha hakimu, nani aliyewazuia mlangoni? Wewe ulikuwa chini ya kitanda, eti unaandika! Amos wangu alivunjwa meno mawili. Leo nimlaze kwao? Atazikwa hapa, na utaandika alifia hapa."

"Basi tumsogeze mpaka kwenye kijito. Afie mpakani."

"Ameshakufa, wewe mwanamume!"

"Kwenye gazeti bado."

Hapo nikaona niingilie kati, la sivyo angepigwa, na mwenye kumuuguza ni mimi.

"Leander," nikasema, "kwenye historia yako una kisima cha kwanza, harusi ya kwanza, hata nguruwe wa kwanza. Kifo cha kwanza kiko wapi?"

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Marehemu wa kwanza wa Halcyon," alisema polepole. Akatoka nje, akavua kofia mbele ya mkokoteni na kumwinamia Amos, ambaye alipokuwa hai hakuwahi kumpa hata mkono. Bibi Stroud alianza kulia, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Ingeishia hapo, lakini Gudrun Aasen alikuwa mlangoni na kabichi zake. Yeye gazeti analilipia kwa kabichi.

"Wa kwanza?" akauliza. "Na mume wangu Torkel je?"

"Bwana Aasen alihamia Oregon," Leander akamwambia kwa upole.

"Alihamia Oregon akiwa amelala juu ya mlango wa zizi, na mimi namburuta kwa ng'ombe! Ulikuja ukala keki ya msibani, vipande vitatu!"

"Gudrun, mwenzangu," Bibi Stroud akasema huku akijifuta macho, "Torkel aliumwa na nyoka ng'ambo ya kijito. Yule ni wa Tuttle."

"Aliumwa kule, akafia hapa! Alikimbia nyumbani ili afie kwake!"

"Nyoka wa Tuttle, kifo cha Halcyon," Leander alinong'ona, na macho yake yaling'aa. "Hili linahitaji utafiti. Nitawahoji mashahidi. Nipeni wiki tatu, kisha nitatangaza nani wa kwanza."

"Wiki tatu!" Bibi Stroud alipiga kelele. "Na Amos?"

"Mwekeeni kivuli."

Nilimtazama mume wangu, baba wa watoto wangu wanne. Sikuwa na hasira. Nilikuwa na kazi.

Makala ya hewa nzuri ya Halcyon ilikuwa imeshapangwa, safu mbili nzima. Nikaing'oa kwenye fremu na kuimwaga sandukuni. Leander akapiga yowe kama aliyekanyagwa. Nikapanga: Amos Stroud amefariki, hapa Halcyon. Torkel Aasen alifariki, hapa Halcyon. Nikamuuliza Gudrun nani mwingine, naye akaanza kuwataja. Yule fundi wa viatu, mwalimu wa shule, mapacha wa Hobart. Sikuweka wa kwanza wala wa mwisho.

"Na kaburi?" Bibi Stroud akauliza.

"Kwenye kiwanja cha nyuma."

"Pale pana jumba la opera!" Leander akalia. "Niliandika mwenyewe!"

"Pale pana magugu, Leander. Chukua koleo."

Akachukua koleo na kutoka. Gudrun akapaka wino. Nikaweka karatasi, nikashika mpini na kuuvuta kwa nguvu zangu zote, nakala ya kwanza ikatoka. Nikampa Bibi Stroud. Aliisoma pale pale, jina la Amos kwa sauti, wino ukimchafua vidole, kisha akaenda kumshika punda wa mkokoteni, ampeleke Amos kiwanjani.