Ukubwa wa Jibu

Eliakimu alikuwa amejenga kitu ambacho yeye mwenyewe hakuweza kukifungua, na ndani ya kitu hicho likawekwa jibu la posa yake. Kama kuna mtu hajui maana ya kuchanganyikiwa kwa raha, na akae wiki moja katika hali hiyo.

Mambo yalianzia kwenye vitumbua. Bi Isabela, kungwi mkuu wa Makote kule Newala, alipoteza daftari lake la unyago, na miezi miwili baadaye kurasa zake zikaonekana stendi zinafungiwa vitumbua. Nyimbo, mafunzo, maneno ambayo binti huambiwa mlango ukiwa umefungwa, vyote vikawa vinasomwa na madereva huku wanalamba mafuta vidoleni. Inasemekana vitumbua havijawahi kuuzika vile, na wapo waliorudi kuulizia ukurasa unaofuata. Makungwi kumi na sita wakakutana, wamefura kwa hasira, wakaazimia kwamba tangu siku hiyo maneno yao yatakaa mahali ambapo mwanaume hafiki.

Kasheshe ni kwamba fundi pekee waliyempata alikuwa mwanaume. Huyo ndiye Eliakimu, kijana wa Mkomaindo, Masasi mjini, mtoto wa ukoo wa walimu na watu wa kanisa, mwenye chumba kimoja, feni moja na kompyuta mbili. Bi Salome, kungwi wa pili, akapinga waziwazi. Bi Isabela akamuuliza, "Yule fundi aliyenijengea choo, umewahi kusikia ameniona nikiwa ndani?" Kikao kikavunjika kwa vicheko, na Eliakimu akapata kazi.

Akaijenga hifadhidata kwa moyo wote, na akina mama wakaiita sanduku. Kila kungwi alipewa akaunti yake na neno lake la siri. Neno lenyewe halikuhifadhiwa popote. Mashine ilibaki na alama yake tu, na kutoka kwenye alama huwezi kurudi kwenye neno, kama usivyoweza kuurudisha ugali ukawa unga. Na maandishi yao yalivurugwa humo humo kwenye simu zao kabla hayajasafiri, hata yakifika Mkomaindo yalikuwa herufi na namba zisizo na kichwa wala miguu. Eliakimu aliweza kuyatunza, kuyanakili yasipotee, kuyarudisha yalikotoka. Kuyasoma, thubutu.

Katibu wa makungwi alikuwa Sikuzani, binti wa Bi Isabela, mwalimu wa shule ya msingi. Yeye ndiye aliyempigia simu Eliakimu akaunti ya mtu ikigoma. Mwanzoni zilikuwa zinagoma kweli. Kufikia mwezi wa tatu ilikuwa inagoma akaunti moja tu, ya Bi Salome, kila siku saa kumi na moja jioni, na Bi Salome mwenyewe hakuwa na habari. Tatizo lenyewe lilichukua saa nzima kutatuliwa, na katika saa hiyo walizungumzia wanafunzi wa Sikuzani, feni ya Eliakimu, mvua ya Newala na joto la Masasi, kila kitu isipokuwa akaunti. Siku Sikuzani alipokata simu akisema "haya, tatizo limekwisha, kesho litarudi," Eliakimu akatoka nje na kumsalimia mtoto wa darasa la pili "shikamoo". Mtoto akaitikia "marahaba" bila kusita.

Ndipo Mjomba Nikolao alipopeleka barua ya posa. Alikuwa mwalimu mstaafu, kaka wa mama yake Eliakimu, na kwao jambo la ndoa bila mjomba si jambo. Majibu yalipochelewa akapiga simu mwenyewe, sauti imewekwa kubwa, mpwa wake amekaa chonjo pembeni.

"Jibu lipo, Mwalimu," alisema Bi Isabela. "Binti yangu ameliandika, na limewekwa kwenye sanduku la huyo mtoto wenu. Litakaa humo mpaka Jumamosi. Jumamosi mje. Tutamtazama usoni. Akija na uso unaojua, awe amechekelea au amenuna, tutajua sanduku linafunguka. Hapo hana kazi, na mke hana."

"Na akija hajui, Mama Sikuzani?"

"Akija hajui ataambiwa. Liwe zuri, liwe baya."

Mjomba Nikolao akakata simu, akamgeukia mpwa wake. "Sasa nieleze tena," akasema, "ulilijenga vizuri kiasi gani?"

"Vizuri sana, Mjomba."

"Pole."

Siku hiyo hiyo, Jumatatu, Eliakimu aliingia kwenye mashine ili kuangalia tu kama mambo yako sawa. Ni kazi yake, nani atamlaumu? Mbele yake ikafunguka orodha anayoiona kila siku: nani ameweka, lini, na kitu chenyewe kina ukubwa gani. Sikuzani, leo, saa nne asubuhi. Ukubwa: mstari mmoja, tena mfupi. Maandishi yalikuwa yamevurugika kama alivyotaka, lakini ukubwa ulikaa wazi pale, unamtazama.

Mstari mmoja. Anayekubali anahitaji zaidi ya mstari mmoja? Hahitaji. Na anayekataa? Naye hahitaji. Eliakimu alilizungusha hilo kichwani siku mbili, akienda sokoni kununua nyanya na kurudi na nyanya, halafu akaenda tena kununua nyanya.

Jumatano jibu likavimba. Kurasa tano! Akakimbia kwa Mjomba Nikolao, viatu havilingani.

"Kurasa tano ni mbaya," alisema mjomba baada ya kufikiri. "Kukataa ndiko kunakotaka maneno. Mimi nimekataliwa mara tatu kabla ya kumpata mke wangu, na barua zote zilikuwa ndefu, zimeandikwa vizuri sana. Ya pili mpaka leo naisoma."

Alhamisi likanywea. Mstari mmoja, ukubwa ule ule wa Jumatatu, sawasawa bila kuzidi wala kupungua. Eliakimu akapiga kofi meza na kucheka peke yake. Jirani aliyekuwa anaanika nguo akauliza kama amepata kazi serikalini.

Ijumaa, kurasa tisa.

Hapo alijilaani kwa ufundi wake. Angekuwa fundi mbovu kidogo tu, mvivu kidogo tu, angeacha tundu mahali akachungulia. Lakini alikuwa ameziba kila mahali, kwa kiburi kabisa, na sasa alikaa mbele ya kurasa tisa za maisha yake mwenyewe zilizoandikwa kwa makorokocho. Alimpenda Sikuzani. Aliogopa. Alifurahi. Alikula ugali bila mboga na hakugundua mpaka alipomaliza.

Jumamosi wakapanda Newala na basi la asubuhi, mjomba akiwa na kofia ya sikukuu, na kabla ya saa tano walikuwa Makote, uani kwa Bi Isabela. Makungwi kumi na sita walikuwa wamekaa kwenye mikeka, kila mmoja na simu yake mapajani. Sikuzani alisimama nyuma yao karibu na mlango wa jiko, macho chini, kitenge cha njano. Eliakimu alipiga goti akatoa shikamoo ya jumla, marahaba zikamrudia kumi na sita, kisha akakaa kwenye kigoda akimpa Bi Isabela ubavu, maana mama mkwe mtarajiwa hatazamwi usoni.

Kwa hiyo ukaguzi alifanya Bi Salome. Alisogea mpaka pua zao zikakaribia kugusana, akamtazama jicho la kulia, akahamia la kushoto.

"Anatoka jasho," akatangaza.

"Jasho la nini?" akauliza Bi Isabela.

"Huyu hajui kitu. Anayejua hatoki jasho hivi. Mtoto wa watu anakaribia kuzimia."

Akina mama wakacheka, mikeka ikatikisika. Mjomba Nikolao akavua kofia kwa shukrani. Ilikuwa imekwisha, kilichobaki ni kuambiwa tu. Na Eliakimu, mpumbavu wa watu, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mama, samahani. Kuna kitu ninakijua."

Mjomba akamkanyaga mguu. Hakumkanyaga kidogo.

"Kusoma siwezi," aliendelea Eliakimu, mguu unawaka moto. "Hilo naapa. Lakini ukubwa nauona. Jumatatu jibu lilikuwa mstari mmoja. Jumatano kurasa tano. Alhamisi likarudi mstari mmoja. Jana, kurasa tisa. Sijui limesema nini, ila najua limesema kiasi gani. Na kama mimi naona kwenye jibu langu, kesho mtu mwingine ataona kwenye maandishi yenu. Atajua siku gani mmeongeza, siku gani mmefuta. Sikutaka niwanyamazie."

Halafu Bi Salome akamgeukia Sikuzani.

"Alhamisi likarudi mstari mmoja? Ulifuta maneno tuliyokuongezea?"

"Yalikuwa mengi, Mama," alisema Sikuzani kwa sauti ndogo.

"Tulikaa kutwa nzima kuyaandika!"

"Ndiyo maana jana mkayaandika tena na kuzidisha!"

Zogo likalipuka. Kila kungwi alikuwa na lake, huyu ameongeza aya mbili tu, yule hakuongeza kabisa ila amesahihisha. Eliakimu aliinamisha kichwa, akijua kwamba kwa mdomo wake mwenyewe ameibomoa kazi yake na nyumba yake kwa mpigo mmoja. Bi Isabela akapiga makofi mara moja. Wakamgeukia.

"Kwa hiyo sanduku lako linavuja," alisema.

"Linavuja, Mama."

"Unajua kuliziba?"

"Najua. Kila kitu kitajazwa pumba kabla ya kufungwa, mpaka magunia yote yawe na uzito mmoja. Mstari mmoja au kurasa ishirini, anayetazama kwa nje ataona sawa."

"Muda gani?"

"Nusu saa."

"Ziba."

"Sasa hivi?"

"Unataka jibu, hutaki?"

Basi akafungua kompyuta magotini, mbele ya wanawake kumi na sita na mmoja wa kitenge cha njano, akaanza kuandika. Alikosea mabano, akarekebisha, akakosea tena. Bi Salome, aliyemsimamia kwa nyuma, alisema "hapo umesahau kitu" bila kujua hata herufi moja ya mambo yale, na kweli alikuwa amesahau. Kazi ilipokwisha ikabidi kila simu ichukue toleo jipya, na mtandao Makote unapatikana vizuri upande wa kisimani tu, kwa hiyo makungwi wote wakainuka wakaenda kisimani wameinua simu juu, wakarudi mmoja mmoja wakisema "langu tayari", "langu tayari", kama watu waliotoka kupiga kura.

Wa mwisho alikuwa Sikuzani. Alilifungua jibu kwenye simu yake, akalisoma tena kimoyomoyo mpaka mwisho, akauma mdomo asicheke, akalifunga upya. Mbele ya Eliakimu orodha ikajisasisha. Nyimbo, mafunzo, jibu lake: vyote ukubwa mmoja, kuanzia juu mpaka chini. Hakuna kilichomtazama tena. Kazi ilikuwa imekamilika, na alichokuwa anakijua Ijumaa sasa hakukijua.

"Hizo kurasa tisa," aliuliza Mjomba Nikolao, uvumilivu umemwisha, "tunasomewa au hatusomewi?"

"Zimo sandukuni, Mwalimu," alisema Bi Isabela. "Sanduku halifunguliwi kwa mwanaume. Si leo, si wakiwa na wajukuu."

Eliakimu akahisi dunia inaondoka chini ya kigoda. Hakuwa amelifikiria hilo. Wiki nzima alisubiri lifunguliwe, na mtu aliyehakikisha kwamba halitafunguliwa mbele yake maisha yake yote alikuwa yeye.

Sikuzani akapita katikati ya mikeka, akasimama mbele yake.

"Unaona ukubwa gani sasa?" aliuliza.

"Vyote sawa."

"Kwa hiyo hujui kitu."

"Sijui kitu, Sikuzani. Sijui kitu kabisa."

"Basi ni ndiyo. Ilikuwa ndiyo tangu Jumatatu."

Vigelegele vilipasuka hadi kuku wakaruka ukuta. Mjomba Nikolao akatupa kofia juu, ikatua juu ya paa na ikabaki huko. Bi Salome alikuwa anamkumbatia mtu asiyehusika. Eliakimu alicheka, akacheka, akashindwa kuacha, akateleza kutoka kwenye kigoda mpaka mavumbini, miguu imenyooka, kompyuta kifuani, akimtazama mama mkwe wake moja kwa moja usoni, jambo ambalo halifanywi.

Makungwi wakashika midomo.

"Mwacheni," alisema Bi Isabela, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Leo tu."