Maziwa ya Posa

Soko zima la Nyabugogo linamjua Flaviana, Mhaya mwenye kibanda cha maziwa kisichokosa watu wala umbea. Lakini Jumamosi ile, simu ya kiwanda ilipoingia, aliukata umbea katikati, wateja wakageuka kumtazama.

"Maziwa ya mgando ya jana yasiuzwe, mama. Chujio lilikatika, vipande vya waya vimeingia kwenye madumu. Rudisha yote."

Aliwapokonya wateja bilauri mikononi. Madumu yote yalikuwepo ila moja: alilonunua Mukunde, jirani yake, ambaye siku hiyo binti yake alikuwa anaposwa kule Kimihurura. Akampigia. Simu imezimwa.

"Tuma mtu," mteja akashauri.

"Aende akawaambie nini wakwe za watu? Nimeuza mwenyewe, naenda mwenyewe."

Ila posa ya Kinyarwanda haifungwi bila maziwa, na mkwe akipewa hakatai. Akikataa amemkataa binti. Kwenda mikono mitupu ni kuvunja shughuli. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha maziwa cha Illuminée, ambaye Flaviana miaka yote alimtangaza kwamba anauza maji yaliyopakwa chokaa. Akavuka.

"Nipe dumu moja la mgando."

Illuminée akampima juu hadi chini. "La maji yangu?"

"La maji yako, dada. Na uniitie motari."

Pikipiki ikamfikisha Kimihurura, turubai la posa limejaa. Mzee Bayingana, msemaji wa upande wa mume, ndiye anayeonja kwanza, na chombo kilishafika mdomoni. Flaviana akapenya kati ya viti, akafunika chombo kwa kiganja.

"Yewe mama, unakataza watu maziwa?"

"Nakataza haya, mzee. Nimeuza mimi, na kiwanda kimeniambia leo yana waya."

Mukunde akashika kichwa. Flaviana akavua kilemba, akakitandaza juu ya beseni, akachuja mbele ya macho yao. Kwenye kitambaa kikabaki kijiwaya chembamba kama ncha ya sindano.

"Maziwa hayamwagwi," mzee akasema taratibu.

"Simwagi. Yanarudi kwa walioyaleta."

Akammiminia mengine, ya dumu alilokuja nalo, kwenye chombo kisafi. Mzee akanywa, akafuta mdomo. "Haya iko ya nani?"

Nusu ya turubai ilitoka Nyabugogo. Kabla ya jioni soko zima lingejua.

"Ya Illuminée."

"Matamu."

"Matamu, mzee," Flaviana akasema, akainua dumu kuwajazia wengine.