Ukurasa wa Tatu

Jalada lilikuwa la ngozi, rangi ya damu ya mzee, na jina la binti lilikuwa limepigwa chapa ya dhahabu katikati. Fundi alilishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa pomoni, akavuka sebule mbele ya wageni, akamkabidhi bintiye.

"Karatasi zako za chuo," alisema. "Ulikuja nazo zimebanwa kwa pini, kingo zimejikunja kama majani ya kabichi. Hazikustahili kusafiri namna ile."

Wageni waliokuja kumuaga binti walipiga makofi. Shangazi, dada yake Fundi, alilipapasa jalada kwa kidole. "Kaka, hili hata askari wa mpakani wataliamkia shikamoo."

Miaka arobaini Fundi alijalidi vitabu vya watu. Tasnifu za wasomi zilipita mikononi mwake zikiwa furushi la karatasi, zikatoka zimesimama wima, na yeye asijue ndani mna nini. Alikuwa na miaka hamsini na tisa alipojiandikisha darasa la jioni. Alisoma kwa bidii mpaka akapata cheti, nacho alikitundika ukutani juu ya redio. Lakini katika miaka yote ile hakunyoosha mkono hata siku moja kuuliza swali. Asipoelewa, alitikisa kichwa kama aliyeelewa, kisha akahangaika peke yake nyumbani na kamusi. Hakutaka vijana wa kuwazaa wajue kwamba kuna jambo limemshinda.

Binti alifungua jalada huku akitabasamu. Akapitisha ukurasa wa kwanza, akapitisha wa pili, akarudi nyuma. Tabasamu likabaki mdomoni tu, macho yakiwa yameshaondoka.

"Baba, ukurasa wa tatu uko wapi?"

"Wa tatu?"

"Ule wenye saini ya ofisa wa wanafunzi wa kigeni. Bila saini ile siruhusiwi kuingia tena nchini kwao."

Fundi alijua palepale. Aliuona ukurasa wenyewe, jinsi ulivyokuwa juu ya meza yake ya kazi: mistari mitupu, tarehe, mchirizo mmoja wa wino wa buluu, na nyuma mweupe kabisa. Aliudhania karatasi ya akiba. Alisita kidogo siku ile, brashi mkononi. Binti alikuwa chumba cha pili, angemwita tu. Hakumwita. Aliupaka gundi upande wenye mistari, akaubandika ndani ya jalada la nyuma, ule upande mweupe ukatazama nje, safi, bila hata kiputo.

"Ulizonipa zilikuwa mbili tu," alisema.

Maneno yalimtoka mepesi, kama yalikuwa yamekaa tayari.

"Wasichana wa siku hizi," Shangazi alisema. "Unavuka bahari nzima, karatasi ya kukurudisha unaiacha huko huko? Si ulituambia sheria zao umezikariri kama sala?"

"Nimezikariri, Shangazi." Binti alikuwa amepiga magoti, anamwaga sanduku alilokuwa ameshalifunga. "Kuhudhuria kila siku. Kutopunguza masomo. Kutofanya kazi nisiyoruhusiwa. Kutoa taarifa nikihama chumba. Miaka mitatu hata mafua sikuyapa nafasi. Nikaja kukosea kwenye kikaratasi."

"Wapigie simu," alisema Shangazi.

"Leo Jumamosi, ofisi imefungwa mpaka Jumatatu. Na Jumatatu ndiyo siku ya mwisho ya kuripoti. Nisipoonekana, jina linafutwa na kibali kinakufa nalo. Umebaki mwaka mmoja tu."

Wageni walianza kukumbuka shughuli zao. Waliaga mmoja mmoja kwa sauti ya hospitalini. Fundi aliwasindikiza mpaka mlangoni, akiwashika mikono, na kila mkono alioushika ulikuwa wa mtu aliyeusikia uongo wake na kuuamini. Aliporudi, Shangazi alikuwa jikoni anaosha vikombe kwa kelele. Binti alikuwa bado sakafuni katikati ya nguo.

"Nisamehe, Baba," alisema bila kuinua uso. "Nimekuaibisha mbele ya watu."

Fundi aligeuka. Alitoka kwenda kibanda chake cha kazi nyuma ya nyumba, akakaa huko muda wa kutosha kunoa kisu, ingawa kisu kilikuwa kikali. Akarudi nacho. Alilifungua jalada kwenye sakafu mbele ya bintiye, akaweka kiganja juu ya ule weupe.

"Umo humu. Niliubandika mimi."

Binti alikitazama kile kiganja. "Umejua lini?"

"Ulipouliza."

"Mbele ya wote wale?"

"Ndiyo."

Vikombe jikoni vilikuwa vimenyamaza.

"Nilikuwa chumba cha pili, Baba. Ungeniita tu."

"Ndiyo," alisema Fundi.

Kulowesha kusingewezekana, wino ungetiririka. Ilibidi aanzie nje. Alichana ngozi, chapa ya dhahabu ikakatika katikati ya jina, kisha akaanza kuparua kadibodi tabaka baada ya tabaka, kama mtu anayemenya kitunguu kwa kisu cha daktari. Ahueni ilikuwa kwamba gundi ilikuwa ya wanga, aliyoipika mwenyewe. Lilipobaki tabaka moja alilifunika kwa kitambaa chenye unyevu, akahesabu pumzi zake, akaanza kulibandua huku binti ameshika pembe ya karatasi. Tarehe ilitoka nzima. Saini ilitoka kichwa na kiwiliwili. Mkia wake ulibaki kwenye kadibodi. Ukurasa ulikuwa umejikunyata, una doa kama umemwagikiwa chai.

"Wataupokea?" Fundi aliuliza.

"Sijui. Wataniuliza umepatwa na nini."

Kesho yake, uwanja wa ndege, Shangazi alimshikia binti begi bila kuombwa, na tangu nyumbani alikuwa hajamtania mtu. Wasindikizaji walizuiwa kwenye utepe, hatua chache kutoka kaunta. Karani kijana mwenye tai alipekua ukurasa wa kwanza, wa pili, akafika wa tatu. Aliuinua kwenye mwanga. Akaugeuza. Akamwita mkubwa wake, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, naye akaupapasa kwa kidole gumba.

"Huu umefanywaje?" Sauti ilikuwa ya kazi, haikuwa na ukali, lakini ilisikika. "Nani ameuchezea?"

Binti aliendelea kumtazama mama yule. Hakugeuka nyuma.

Watu kwenye foleni walikuwa wengi, na wengi walikuwa wameanza kutazama. Fundi aliuweka sawa ukosi wa koti lake. Kisha akanyoosha mkono juu, kiwiko kikigusa sikio, kama walivyokuwa wakifanya wenzake wa darasa la jioni, akaushikilia hapo hapo, akingoja aitwe.